Moshi wa mkaa mbele ya mwanga usioonekana: jinsi infraredi inavyotambua kemikali zilizomo hewani

Mwezi Septemba mwaka 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Montana cha Marekani pamoja na wenzao walikuwa nchini Zambia wakiwa na chombo ambacho kazi yake ni kusoma moshi. Walikiweka penye tanuri la udongo la kuchomea mkaa, penye mafiga ya kuni na penye majiko ya mkaa, ambayo katika nchi hiyo huitwa mbaula. Chombo hicho hakinusi wala hakichuji. Hupitisha mwanga usioonekana ndani ya moshi, kisha hupima ni kiasi gani cha mwanga huo kimepotea njiani, na katika sehemu zipi. Kwa upungufu huo peke yake, watafiti waliweza kutambua na kupima gesi 18. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2003, yalikuwa ya kwanza kupima orodha ndefu kiasi hicho ya gesi papo hapo penye moto wa nishati ya kupikia katika nchi za joto.

Njia waliyoitumia huitwa spektroskopia ya infraredi. Imekuwapo katika maabara kwa miongo mingi, na leo hutumika katika viwanda, katika vituo vya ukaguzi wa magari na hata katika satelaiti. Kwa wakazi wa ukanda wetu wa Maziwa Makuu, ambako gunia la mkaa huingia karibu kila nyumba ya mjini, kipimo kile cha Zambia kina uzito wa pekee. Mkaa una sifa ya kuwa nishati safi kuliko kuni: hauchomi macho ya mpishi, hautii masizi kwenye sufuria, haumfukuzi mgeni sebuleni. Mwanga wa infraredi ulionyesha mahali moshi huo ulipokwenda.

Molekuli na sauti yake

Mwanga tunaouona kwa macho una mawimbi yenye urefu kati ya maikromita 0.4 na 0.7 hivi, maikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Baada ya rangi nyekundu, mawimbi huendelea kurefuka ingawa macho yetu hayayaoni. Hayo ndiyo mawimbi ya infraredi, nasi huyahisi kama joto tunapokaribisha viganja kwenye makaa yanayowaka.

Molekuli ni atomu zilizoungana, na muungano huo haukazi kama msumari. Atomu hutikisika, hukaribiana na kuachana, hujipinda kushoto na kulia, tena kwa kasi maalumu inayotegemea uzito wa atomu zenyewe na nguvu ya muungano wao. Anayejua kupiga zeze au inanga anafahamu kwamba kila uzi huitikia sauti yake tu. Vivyo hivyo, wimbi la infraredi likipita likiwa na kasi ile ile ya mtikisiko wa molekuli, molekuli hulimeza. Wimbi jingine huachwa lipite. Kaboni na hidrojeni zilizoungana humeza mwanga wenye urefu wa maikromita 3.3 hadi 3.5. Kaboni iliyoungana na oksijeni kwa muungano wa maradufu, kama ilivyo katika fomaldehaidi na asidi asetiki, humeza karibu na maikromita 5.7. Monoksidi ya kaboni, ile gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua watu waliolala na jiko chumbani, humeza karibu na maikromita 4.7.

Kuna bahati moja kubwa katika jambo hili. Nitrojeni, oksijeni na argoni, ambazo kwa pamoja ni zaidi ya asilimia 99 ya hewa kavu, hazimezi infraredi kwa kiasi cha kusumbua kipimo. Molekuli za nitrojeni na oksijeni zina atomu mbili zinazofanana kabisa, na mtikisiko wao haubadilishi mgawanyo wa chaji za umeme, kwa hiyo wimbi halina pa kushika. Argoni ni atomu moja moja, haina muungano wa kutikisika. Hewa yenyewe ni kama dirisha safi, na uchafu uliomo huonekana juu yake. Ingekuwa kinyume, njia hii isingewezekana.

Kampaundi za kaboni, ambazo wanakemia huziita za oganiki, ndizo zinazofaidika zaidi na kipimo hiki. Methani, methanoli, ethilini inayoivisha ndizi, asidi fomiki iliyomo katika mwili wa baadhi ya sisimizi, asidi asetiki inayoipa siki ukali wake, fenoli, furani: kila moja ina mpangilio wake wa mistari, kama alama ya kidole gumba. Ethilini hutambulika karibu na maikromita 10.5, methanoli karibu na 9.7, asidi fomiki karibu na 9. Mtambuzi mwenye orodha ya alama hizo anaweza kuchukua moshi uliochanganyika, akatenganisha kilichomo bila kuugusa.

Kutoka manukato hadi ukungu wa Los Angeles

William Herschel, mnajimu aliyeishi Uingereza, alipitisha mwanga wa jua katika prizimu mwaka 1800 akaweka vipimajoto kwenye kila rangi. Kilichowekwa nje ya rangi nyekundu, mahali penye giza, kilipanda kuliko vyote. Tangu mwaka 1859, John Tyndall wa Royal Institution ya London alipima jinsi gesi mbalimbali zinavyozuia joto hilo lisiloonekana. Hewa kavu ililiachia karibu lote. Ethilini ililizuia sana. Tyndall akaenda mbali zaidi, akajaribu mvuke wa manukato, akaona kwamba harufu nyepesi mno, ambayo mizani isingeweza kuipima, ilizuia joto mara nyingi kuliko hewa iliyoibeba. Kwa maneno ya leo, alikuwa akipima kampaundi za oganiki hewani kwa infraredi, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuziita uchafuzi.

Kazi iliyoipa njia hii heshima katika masuala ya hewa ilifanyika Marekani. Mwezi Julai 1943 ukungu wa kuchoma macho ulitanda Los Angeles, hata baadhi ya wakazi wakadhani Wajapani wameushambulia mji kwa gesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Arie Haagen-Smit wa chuo cha Caltech alionyesha kwamba ukungu ule hutengenezwa angani, pale mvuke wa petroli na oksidi za nitrojeni kutoka kwenye magari na viwanda zinapopigwa na jua. Lakini ni nini hasa kilichokuwa kikichoma macho? Katika taasisi ya Franklin mjini Philadelphia, Edgar Stephens na wenzake walitengeneza mchanganyiko kama huo ndani ya chombo, wakapitisha infraredi kwa umbali mrefu. Waliona mistari ambayo haikulingana na kampaundi yoyote iliyojulikana. Walichokiona hawakuwa na jina lake, wakakiita Kampaundi X. Baadaye kilitambuliwa kuwa peroksiasetili nitrati, ambayo wanasayansi huiita kwa kifupi PAN, na alama yake ikaonekana katika hewa ya Los Angeles yenyewe. Huwasha macho na huunguza majani ya mboga.

Kisa hiki kinastahili kukumbukwa kwa sababu moja. Njia nyingi za kupima hewa hutafuta kile tu mpimaji alichokusudia kukitafuta. Infraredi huandika yote yaliyopita mbele yake, pamoja na yale ambayo hayajapata jina.

Chombo chenyewe

Chombo kinachotumika zaidi leo huitwa spektrometa ya Fourier, kwa heshima ya Joseph Fourier, mwanahisabati wa Ufaransa. Ndani yake mna kijiti cha kauri kinachopashwa moto hadi kung’aa, ili kitoe infraredi. Mwanga wake hugawanywa mara mbili: nusu huelekezwa kwenye kioo kisichosogea, nusu kwenye kioo kinachosogezwa taratibu mbele na nyuma. Mpango huu ulibuniwa na Albert Michelson katika karne ya 19. Nusu mbili zikikutana tena, mawimbi husaidiana au huuana kulingana na mahali kioo kilipo, na kitambuzi huandika kupanda na kushuka kwa mwanga. Mwendo wa kioo hupimwa kwa leza nyekundu, ambayo ndiyo rula ya chombo. Kompyuta kisha hufanya hesabu ya Fourier na kuuchambua ule msukosuko kuwa mawimbi yaliyoujenga, moja baada ya jingine. Kabla ya kompyuta kupatikana kwa urahisi, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, hesabu hiyo ilikuwa mzigo. Sasa ni kazi ya sekunde.

Vitambuzi vyepesi zaidi kuhisi hupozwa kwa nitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtu aliyewahi kupeleka vifaa vya maabara mbali na mji mkuu ataelewa mara moja maana ya sharti hilo. Vipo vinavyopozwa kwa umeme, ambavyo huhitaji huduma ndogo ila huona hafifu kidogo.

Jambo linaloamua mafanikio ya kipimo ni urefu wa njia ya mwanga. Mwanga wa taa ukitazamwa kupitia chandarua kimoja haupungui sana. Vikitundikwa vyandarua kumi, kimoja nyuma ya kingine, taa hufifia. Gesi nayo ni hivyo hivyo: gesi yenye sehemu 10 kwa bilioni, ikipitiwa na mwanga kwa mita 500, huacha alama sawa na ile ya sehemu 5,000 kwa bilioni katika mita moja. Ndiyo maana wapimaji huirefusha njia kwa kila hila. Mwaka 1942, John White alibuni chombo chenye vioo vitatu vilivyobonyea, ambamo mwanga huenda na kurudi mara nyingi kabla ya kutoka, na hivyo chombo cha urefu wa mita moja tu kinaweza kubeba njia ya mita makumi kadhaa. Wengine huacha chombo kabisa, wakaweka taa upande mmja wa eneo na kioo upande wa pili, hewa ikipita katikati kwa uhuru. Mpango huu wa njia wazi hufaa pembezoni mwa dampo, kiwanda au bohari ya mafuta. Udhaifu wake ni kwamba hutoa wastani wa njia nzima. Wingu zito la mita 10 na wingu jepesi la mita 500 vinaweza kuandika namba ile ile.

Njia wazi ina faida nyingine, na ndiyo iliyobadilisha matokeo ya Zambia. Asidi asetiki, asidi fomiki na amonia hunata. Ukiziingiza katika chupa au mpira wa kuvutia hewa, sehemu yake hubaki ukutani na haifiki kwenye kipimo. Mwanga uliopitishwa katika moshi wenyewe hauna ukuta wa kunatiwa.

Yaliyosomwa katika tanuri

Kwa mpangilio wa wingi, gesi zilizotangulia katika vipimo vya Zambia zilikuwa kaboni dioksidi, monoksidi ya kaboni na methani. Baada ya hizo zikafuata asidi asetiki, methanoli, fomaldehaidi na ethilini, kisha amonia, asetilini na nyinginezo, hadi fenoli na furani. Viwango vya asidi za oganiki na amonia vilikuwa vikubwa mara 3 hadi 6.5 kuliko vilivyokuwa vimeripotiwa katika kazi za awali. Ukiiweka methani kando, asilimia 70 hadi 80 ya kampaundi za oganiki zilikuwa za jamii yenye oksijeni ndani yake, ambazo ni nyepesi kuingia katika mabadiliko mengine ya kemia angani na kusaidia kuzaa ozoni. Fomaldehaidi, mojawapo ya hizo, imewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, katika kundi la kwanza, yaani la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Lakini tokeo linalotugusa sisi ni ulinganisho wa mkaa na kuni. Anayelinganisha jiko la mkaa na mafiga ya kuni kwa macho hulinganisha jiko na jiko. Watafiti walijumlisha moshi wa tanuri na moshi wa jiko, kwa kuwa hakuna mkaa usiopitia tanuri. Kwa gesi nyingi, jumla hiyo ilizidi moshi wa kuni mara 3 hadi 10 kwa kila kilo ya nishati iliyochomwa, na karibu mara 2 kwa kila kipimo cha joto kilichopatikana. Tofauti ya namba hizo mbili ina sababu iliyo wazi: kilo ya mkaa hutoa joto zaidi ya kilo ya kuni, hivyo ulinganisho wa joto kwa joto ndio wa haki kwa mpishi, na hata huo haukuutakasa mkaa.

Sababu inafahamika kwa yeyote aliyekaa karibu na tanuri. Kuni zilizofukiwa kwa majani na udongo hazipati hewa ya kutosha kuwaka. Hupikwa kwa siku kadhaa zikifuka moshi mweupe. Tanuri la udongo hubakiza sehemu ndogo tu ya uzito wa kuni kuwa mkaa, mara nyingi chini ya robo. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni mvuke wa maji na gesi zinazopanda angani. Methanoli na asidi asetiki ni mazao ya kawaida ya mti unaopikwa hivyo. Zamani viwanda vya Ulaya vilizikusanya kwa makusudi kutoka kwenye mbao, na ndiyo maana methanoli iliitwa pombe ya mti. Mchoma mkaa wetu huzivuta kwa mapafu.

Ni haki pia kusema ukomo wa kazi hiyo. Lilikuwa tanuri moja, katika mwezi mmoja, kwa miti ya eneo moja. Tanuri la mikaratusi mkoani Kayanza au la miti ya asili kandokando ya hifadhi ya Virunga huenda likatoa uwiano mwingine. Namba zile zisinukuliwe kama sheria ya kila tanuri. Kinachosimama bila shaka ni mwelekeo: moshi wa mkaa haukukoma, ulihamishwa kutoka jikoni mjini hadi porini, kwa mchoma mkaa na jirani zake.

Na kilichobaki jikoni si kidogo. Jiko la mkaa lililokolea halitoi moshi wa kuonekana, lakini hutoa monoksidi ya kaboni kwa wingi. Macho na pua havina habari nayo. Infraredi huiona bila taabu, kwa sababu mistari yake karibu na maikromita 4.7 iko mahali ambapo mvuke wa maji hauifuniki sana. Mtu anayefunga madirisha wakati wa baridi ya masika na kuacha jiko chumbani amejiondolea moshi, akajiachia sumu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa ndani ya nyumba ulihusishwa na vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Nchini Tanzania, serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliagizwa kuachana na kuni na mkaa. Mijadala ya aina hiyo, hapa kwetu na kwa majirani, mara nyingi hutaja misitu kwanza. Vipimo vya Zambia vinaonyesha kwamba hewa nayo ina hoja yake.

Wapi kwingine katika ukanda wetu

Kaskazini magharibi mwa Rwanda, juu ya mlima Mugogo, kwenye mwinuko wa mita 2,590, kuna kituo cha uchunguzi wa hewa kilichoanzishwa kwa ushirikiano na chuo cha MIT cha Marekani. Humo leza ya infraredi huingizwa katika chumba kidogo chenye vioo vinavyorudisha karibu mwanga wote, na chombo hupima muda unaotumika mwanga huo kufifia. Kila gesi inayoumeza huufupisha muda. Kwa njia hiyo hupimwa kaboni dioksidi, methani na monoksidi ya kaboni usiku na mchana. Vipimo vya Mugogo vimeonyesha kwamba monoksidi ya kaboni na masizi hupanda katika misimu yote miwili ya kiangazi: kati ya Desemba na Februari, upepo unapoleta moshi wa mashamba na nyika zinazochomwa kaskazini, na kati ya Juni na Agosti, unapotoka kusini. Sehemu ya hewa tunayoilalamikia imewashwa moto katika nchi nyingine.

Ng’ambo ya mpaka, kwenye ukingo wa volkano ya Nyiragongo karibu na Goma, katikati ya muongo wa 2000 wanasayansi walitumia infraredi bila hata kubeba taa. Ziwa la lava lililokuwa likichemka chini ndilo lililokuwa taa yao. Walielekeza chombo kwake na kusoma gesi zilizosimama katikati. Gesi za volkano nyingi si za oganiki, lakini mbinu ni ile ile. Mjini Addis Ababa, kuanzia mwaka 2009, chombo cha Fourier kilitumia jua lenyewe kuwa taa, na hivyo kilisoma hewa yote kuanzia ardhini hadi juu kabisa.

Na juu ya wote hao hupita satelaiti za Ulaya za Metop, zilizorushwa mwaka 2006 (hiyo ya kwanza iliacha kazi mwaka 2021), 2012 na 2018, zikiwa na chombo kinachoitwa IASI. Kikiwa zaidi ya kilomita 800 angani, husoma infraredi inayopanda kutoka ardhini, asubuhi na usiku. Kimewahi kuona methanoli na asidi fomiki katika moshi wa mioto ya Afrika, na amonia inayofuka kutoka kwenye tope la chumvi la Ziwa Natron, Tanzania. Doa moja la kipimo chake lina upana wa kilomita 12 hivi. Haliwezi kumwonyesha mtu kama moshi unatoka kwa jirani yake wa kulia au wa kushoto.

Mahali mwanga huu unaposhindwa

Adui wa kwanza ni mvuke wa maji. Hewa ya mwambao wa Ziwa Tanganyika inaweza kuwa na mvuke wa karibu sehemu 2 kwa kila 100. Ukitafuta gesi yenye sehemu 10 kwa bilioni, unatafuta kitu kimoja katikati ya milioni 2 za maji, na maji humeza infraredi kwa pupa katika maeneo mapana. Wapimaji hulazimika kujificha katika nafasi ambazo maji huacha wazi, hasa kati ya maikromita 8 na 12. Kipimo kilichofanywa katika jangwa la Arizona hakitoi ahadi yoyote kwa Bujumbura wakati wa mvua.

Udhaifu wa pili unahusu benzeni, kampaundi ya petroli inayojulikana kusababisha saratani ya damu. Alama yake kuu iko karibu na maikromita 14.8, jirani kabisa na ile pana ya kaboni dioksidi, kwa hiyo hufunikwa. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha wastani wa mwaka cha maikrogramu 5 za benzeni kwa mita ya ujazo, takriban sehemu 1.5 kwa bilioni. Chombo cha njia wazi cha kawaida huanza kuiona benzeni ikifika makumi ya sehemu kwa bilioni. Kikisema hakikuiona, haina maana kwamba haipo. Kwa benzeni hewa hukusanywa katika chupa za chuma zilizoondolewa hewa, ikachambuliwa kwa kromatografia ya gesi na spektrometa ya masi. Fomaldehaidi ina nafuu: kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa hewa ya ndani, miligramu 0.1 kwa mita ya ujazo kwa dakika 30, ni takriban sehemu 80 kwa bilioni, na njia ndefu ya infraredi inaweza kukifikia.

Vifaa vidogo vya infraredi vinavyotumika kukagua moshi wa magari ni jambo jingine. Havina kioo kinachosogea wala hesabu ya Fourier. Vina chujio la rangi chache tu. Huripoti jumla ya mvuke wa petroli, si kampaundi moja moja. Vinafaa kwa kazi hiyo na visidaiwe zaidi. Vipimavumbi vya bei nafuu vinavyotundikwa sasa katika miji mingi havipimi gesi za oganiki hata kidogo; huhesabu chembe. Kemikali nzito za masizi, zinazoganda kwenye chembe hizo, huuponyoka mwanga unaopita hewani na hutafutwa kwenye karatasi za kuchujia.

Wakazi wa mtaa ulio karibu na dampo au kiwanda wakisomewa matokeo ya infraredi, kuna maswali machache yanayofaa kuulizwa. Njia ya mwanga ilikuwa na urefu gani? Upepo ulivuma kutoka wapi, na kwa saa ngapi? Hewa ya kulinganishia ilichukuliwa upande gani? Mvuke wa maji uliondolewaje katika hesabu? Kiwango cha chini kabisa ambacho chombo kingeweza kukiona kwa kila gesi ni kipi? Mwongozo wa Marekani wa vipimo vya njia wazi, unaojulikana kwa jina TO-16 na uliotolewa mwaka 1999, unagusa mambo ya namna hiyo, na hakuna linalohitaji shahada ya kemia kuliuliza.

Swali la mwisho ni kama spektra zenyewe zimehifadhiwa, au zimebaki namba za kwenye ripoti tu. Chupa ya hewa ikishachambuliwa haipo tena. Spektra iliyohifadhiwa inaweza kufunguliwa baada ya miaka kumi na kutafutiwa gesi ambayo siku ya kupima hakuna aliyeifikiria.